Nishati ya Muungano wa Viini: Tuulize Habari za Ukingoni

Kila baada ya miezi michache magazeti na redio hutuletea habari kwamba mahali fulani duniani wataalamu wa nishati ya muungano wa viini wamevunja rekodi. Mwezi wa Februari 2024 ilitangazwa kwamba mtambo wa JET wa Culham, nchini Uingereza, ulikuwa umetoa megajuli 69 za nishati kwa muda wa sekunde tano hivi, katika jaribio lililofanywa Oktoba 2023, na fueli iliyotumika ilikuwa sehemu mbili za kumi za miligramu moja. Mwaka mmoja baadaye Wafaransa wa Cadarache nao walitangaza kwamba mtambo wao wa WEST umeishikilia plazma kwa sekunde 1,337, yaani zaidi ya dakika 22. Habari hizi ni za kweli, na waliozifanyia kazi wanastahili heshima. Lakini namna tunavyozipokea ina kasoro. Tunauliza: joto lilifika nyuzi ngapi? Lilidumu kwa muda gani? Nishati iliyopatikana ni kiasi gani? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza joto hilo lilipotoka lilikwenda wapi, na ukuta uliolipokea una hali gani. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza, na majibu yake ndiyo yatakayoamua iwapo nishati hii itapata kuwasha taa ya mtu.

Si ajabu swali hilo kusahauliwa. Jikoni moto husifiwa kwa kuivisha. Moshi na majivu ni kazi ya mtu asiyetajwa.

Kwanza yafaa tukumbushane jinsi mitambo hii inavyofanya kazi. Viini vya aina mbili za haidrojeni nzito, yaani deuteri na tritiamu, vikigongana kwa kasi ya kutosha huungana na kuzaa kiini cha heli pamoja na nyutroni moja. Nyutroni huchukua sehemu nne katika tano za nishati iliyopatikana na kutoroka nayo moja kwa moja, kwa kuwa haina chaji na sumaku haiwezi kuizuia. Sehemu ya tano hubaki na heli, nayo ndiyo inayotegemewa kuendelea kuipasha plazma moto. Ili migongano hiyo itokee kwa wingi, kitovu cha plazma hapana budi kifikie nyuzi za Sentigredi milioni 150 hivi, yaani mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Hapana chungu cha kustahimili joto hilo. Kwa hiyo plazma hufungwa kwa nguvu za sumaku ndani ya chombo chenye umbo la pete nene, ambacho Warusi walikiita tokamaki.

Hapa ndipo wasomaji wengi huishia, wakidhani kwamba sumaku zimekwisha kumaliza kazi. Hazijamaliza. Sumaku huchelewesha joto kutoka; haziwezi kulifungia milele, wala haifai zilifungie, kwani mtambo usiotoa joto hauna faida kwa mtu yeyote. Chukua mfano wa ITER, mtambo mkubwa unaojengwa na mataifa mengi huko Cadarache. Umekusudiwa kutoa megawati 500 za nishati ya muungano. Heli itaachiwa megawati 100 kati ya hizo, na mitambo ya nje itaongeza megawati 50 za kupasha moto. Jumla yake ni megawati 150 ambazo, kila sekunde na bila kukoma, lazima zipite ukingoni mwa plazma na kutoka. Sehemu moja itatoka kwa njia ya mnururisho na kusambaa juu ya kuta zote za chombo. Hiyo haina neno. Iliyobaki, inayokadiriwa kufikia megawati 100, itafuata mistari ya sumaku kama maji yafuatavyo mfereji.

Mfereji huo unaelekezwa chini. Mistari ya sumaku ya ukingoni hupindwa kwa makusudi ili ishuke hadi sakafuni mwa chombo, mahali paitwapo divata, na huko plazma iliyochoka pamoja na majivu ya heli hupiga mabamba ya chuma cha tangsteni. Tangsteni imechaguliwa kwa kuwa huyeyuka katika nyuzi 3,422, na hapana chuma kingine kinachoishinda. Nyuma ya mabamba hupita maji ya kuyapoza. Mpango ni mzuri; taabu ni wembamba wa mfereji. Mwaka 2013 Thomas Eich na wenzake walichapisha vipimo vilivyokusanywa kutoka katika mitambo sita ya Ulaya na Marekani, nao wakaona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: upana wa mfereji hauongezeki kwa kuongeza ukubwa wa mtambo. Hutegemea hasa nguvu ya sumaku izungukayo plazma. Nguvu hiyo ikizidi, mfereji huwa mwembamba zaidi. Kwa ITER kanuni yao ilitoa upana wa milimita moja.

Msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Mzingo wa mahali plazma inapopiga sakafu ya ITER ni kama mita 39. Ukanda wenye urefu huo na upana wa milimita moja, ukikatwa vipande na kupangwa kuwa mraba, haufiki hata sentimeta 20 kila upande. Hicho ni kigae kimoja cha bafuni! Kuna kanda mbili za namna hiyo, ya ndani na ya nje, na hizo ndizo zigawane megawati 100. Wahandisi huyalaza mabamba na kuitanua mistari ya sumaku ili joto lisambae, lakini hata baada ya ujanja huo mzigo ungezidi sana uwezo wa mabamba, ambao ni megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na 20 kwa muda mfupi tu. Uso wa jua lenyewe hutoa megawati 63 kwa mita ya mraba. Ni kweli kwamba hesabu za kompyuta zilizofanywa baadaye zilidokeza kuwa katika ITER mfereji huenda ukafikia upana unaokaribia milimita sita. Jambo hilo litajulikana siku mtambo utakapowashwa kwa nguvu zake zote. Mimi sioni busara kujenga kwa kutegemea jibu lililo jema zaidi.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya joto litokalo kwa utulivu. Kuna joto jingine litokalo kwa ghadhabu, na asili yake ni kisa cha kusisimua.

Mwaka 1982, katika mtambo wa ASDEX huko Garching, Ujerumani, Friedrich Wagner na wenzake waligundua kwamba plazma ikipashwa moto kupita kiwango fulani hubadilika ghafula tabia yake. Ukingoni hujitokeza utando mwembamba unaozuia joto kupita, na muda ambao plazma huhifadhi nishati yake huongezeka maradufu. Hali hiyo iliitwa hali ya H. Ilikuwa zawadi kubwa, maana wakati huo watu walikuwa wameanza kukata tamaa kwa kuona kwamba kadiri walivyozidisha moto ndivyo plazma ilivyozidi kuvuja. Tangu hapo mitambo mikubwa, ITER ikiwamo, ilikadiriwa kwa kuitegemea hali hiyo.

Lakini mpishi yeyote aliyepata kufunika chungu cha uji anajua kitakachofuata. Utando wa ukingoni ni kifuniko. Chini yake kanieneo hupanda, na mkondo wa umeme upitao ukingoni nao hukua, mpaka vyote viwili vifikie kikomo ambacho mistari ya sumaku haiwezi kukistahimili. Hapo chungu hufoka. Kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, ukingo wa plazma hupasuka na kumwaga asilimia kadhaa ya nishati yote iliyohifadhiwa. Kisha utando hujijenga upya, na mambo huanza tena. Msukosuko huo, ambao hapa nitauita mfoko, hufanana kwa namna nyingi na milipuko ionekanayo juu ya uso wa jua.

Katika mitambo midogo mifoko ilikuwa usumbufu tu. Katika ITER mfoko mmoja usiodhibitiwa unakadiriwa kumwaga kama megajuli 20. Hiyo ni karibu theluthi moja ya nishati yote ya rekodi ile ya JET, tena kwa kufumba na kufumbua. Mabamba ya tangsteni hayataweza kuvumilia kwa muda mrefu mfoko unaozidi megajuli moja. Hatuna haja ya kubahatisha juu ya jambo hili: mwaka 2013 wataalamu wa JET waliacha kwa makusudi ukingo wa kipande cha tangsteni ujitokeze katika njia ya plazma, nao wakaona jinsi mifoko ilivyokiyeyusha kidogo kidogo, na majimaji ya chuma yakasogea na kuganda upande mmoja. Sasa tufikirie mtambo wa kuzalisha umeme. Ukifoka mara moja tu kwa sekunde, kwa siku moja utafoka mara 86,400, na kwa siku mia moja mara zaidi ya milioni nane. Hapana chuma cha kuvumilia mapigo hayo, na fundi hawezi kuingia ndani kwenda kubadilisha mabamba kila wiki, kwa sababu nyutroni zitakuwa zimekwisha kuufanya mtambo wote uwe na sumu ya mnururisho. Kazi hiyo ni ya mikono ya mashine, nayo huchukua miezi.

Dawa zimetafutwa, na baadhi yake zinasifika kwa haki. Mwaka 2004 Todd Evans na wenzake, waliokuwa wakitumia mtambo wa DIII-D wa San Diego, Marekani, walieleza jinsi walivyoongeza koili ndogo za umeme karibu na plazma ili kuvuruga kidogo nguvu za sumaku za ukingoni. Mifoko mikubwa ikakoma. Kwa mfano wetu wa jikoni, ni sawa na kuinamisha kifuniko kidogo ili mvuke upenye kabla uji haujapanda. Wakorea walifaulu kwa njia hiyo hiyo katika mtambo wa KSTAR mwaka 2011, na ITER imepangiwa koili 27 za kazi hiyo, safu tatu za koili tisa tisa. Wengine hutupa ndani ya plazma vidonge vidogo vya haidrojeni iliyogandishwa, ili kuchokoza mifoko midogo midogo kabla mkubwa haujakomaa.

Dawa hizi zina madhara yake, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Koili hufanya kazi pale tu nguvu za sumaku na mkondo wa plazma vinapokuwa katika uwiano maalumu; ukitoka nje ya uwiano huo mifoko hurudi. Aghalabu hupunguza pia wingi wa chembe katika plazma, na kwa hiyo hupunguza muungano wenyewe. Aidha huugawa ule mfereji wa joto kuwa matawi yanayopiga mabamba sehemu baadhi na kuziacha nyingine. Isitoshe, mfoko si adui mtupu. Kila unapotokea hufagia nje uchafu, hasa atomi za tangsteni zilizochomolewa ukutani, ambazo zikifika kitovuni hung'aa na kuipokonya plazma joto lake. Sehemu chache katika kila 100,000 zatosha kuleta wasiwasi. Plazma isiyofoka kabisa na isiyo na njia nyingine ya kujisafisha hujichafua mpaka izimike. Kwa hiyo anayesema kwamba tatizo limekwisha kwa kuwa mifoko imekoma, hajamaliza maelezo yake.

Kwa lile joto la utulivu nako kuna mgongano. Njia bora iliyopatikana ni kupuliza katika divata kiasi kidogo cha gesi kama nitrojeni, neoni au agoni. Gesi hiyo hung'aa, hulisambaza joto kama mwanga pande zote, na plazma hupoa mpaka chini ya nyuzi 60,000 kabla ya kuyagusa mabamba. Lakini kumbuka kwamba mita chache juu yake, kwenye kizingiti cha hali ya H, plazma ya ITER inatakiwa iwe na nyuzi zinazozidi milioni 40. Anayetaka kitovu chenye nguvu anataka ukingo uwe wa moto. Anayetaka mabamba yadumu anataka ukingo uwe baridi. Gesi ikizidi, ubaridi hupanda juu na kuubomoa utando. Ikipungua, mabamba huungua. Katika JET kwenyewe, baada ya kuta za makaa kuondolewa na nyingine za berili na tangsteni kuanza kutumika mwaka 2011, ilibidi gesi nyingi zaidi ipulizwe ili tangsteni isiingie kitovuni, na kwa muda fulani uhifadhi wa joto ukashuka kuliko ulivyokuwa.

Basi maoni yangu ni haya. Kwa miaka mingi mitambo imebuniwa kuanzia kitovuni. Mbunifu huchagua kwanza joto na kanieneo anavyovitaka, kisha humkabidhi mhandisi wa divata moto huo na kumwambia atafute pa kuupeleka. Mpango huo haunabudi kugeuzwa. Mtambo utakaokuja baada ya ITER, uliokusudiwa kutoa umeme, ubuniwe kuanzia mabamba: tuulize mabamba yanaweza kupokea nini kwa miaka mfululizo, na ni ukingo wa namna gani usiofoka, ndipo tuukubali ule moto ambao masharti hayo yanauruhusu, hata ukiwa mdogo kuliko tuliouota.

Shauri hili si ndoto tupu. Katika ASDEX Upgrade, mrithi wa ule mtambo wa Garching, nitrojeni imetumiwa kuwasha doa baridi lenye mwanga mkali juu kidogo ya mahali mistari ya sumaku inapokatana karibu na divata. Doa hilo likipandishwa kiasi cha kutosha, mabamba hupoa na mifoko hutoweka pamoja, ingawa uhifadhi wa joto hupungua kidogo. Huko Culham, mtambo wa MAST Upgrade umeirefusha njia ya kwenda divata, na mwaka 2021 walitangaza kwamba joto lifikalo kwenye mabamba lilipungua mara kumi. Lausanne na San Diego nako wamefanya jambo linalonipendeza zaidi kuliko yote. Plazma ya kawaida ikikatwa huwa na umbo la herufi D, mgongo wake ukielekea kwenye tundu la pete. Wao waliigeuza herufi hiyo. Mwaka 2023 DIII-D ilifungiwa kinga ya muda ili kulijaribu umbo hilo kwa nguvu kubwa, na ikaonekana kwamba plazma haikufoka kamwe, kwani ukingo wake hauingii katika hali ya H, na hata hivyo kitovu kilihifadhi joto kwa kiasi kinachoweza kulinganishwa na hali hiyo. Tena katika umbo hilo divata hukaa upande wa nje wa pete, palipo na nafasi kubwa zaidi ya kutandazia mabamba.

Wapinzani wa shauri hili wana hoja nzito, nami sitaki kuipuuza. Wanasema kwamba ukiacha kizingiti cha hali ya H unalazimika kujenga mtambo mkubwa zaidi ili kupata nishati ile ile, na ukubwa ni fedha. Wanaongeza kwamba njia ndefu ya divata hula nafasi ndani ya sumaku, ambazo ndizo sehemu ghali kuliko zote. Ni kweli. Kwa ITER, ambayo chuma chake kimekwisha kufuliwa, hapana njia ila koili na gesi zifanye kazi yake. Na nadhani wasimamizi wake walionyesha wanauelewa uzito wa ukuta walipotangaza mwaka 2024 kwamba wanaacha berili na kuifunika kuta yote kwa tangsteni, hali ratiba ya majaribio ya deuteri na tritiamu ikisogezwa hadi mwaka 2039. Ninalolikataa ni kuhesabu gharama ya ukubwa bila kuhesabu gharama ya mtambo uliosimama kwa miezi ukingojea mabamba mapya. Vilevile wapo wanaoamini kwamba sumaku zenye nguvu zaidi zitatupa mitambo midogo na ya bei nafuu, kama ule wa SPARC unaojengwa Devens, Marekani. Huenda zikatupa. Lakini kwa kanuni ya Eich, sumaku ikizidi nguvu mfereji huzidi kuwa mwembamba, na joto lile lile hupiga mahali padogo zaidi. Wabunifu wake wanalijua hilo vyema. Wasiolijua ni wasomaji wanaoambiwa habari za sumaku peke yake.

Nchi zisizojenga mitambo hii zitakuja kuuziwa ahadi zake, na wapangaji wao wa umeme watapaswa kujua cha kuuliza. Ile rekodi ya WEST, kwa mfano, ilipatikana kwa kuipasha plazma megawati mbili tu. Ni hatua ya maana katika kudumu, wala haituambii lolote juu ya megawati 100. Na ile ya JET ilijaa magazetini, ilhali majaribio yaliyofanywa humo humo ya kupuliza neoni katika plazma ya deuteri na tritiamu ili kutuliza ukingo yalitajwa katika mikutano ya wataalamu tu.

JET ilizimwa Desemba 2023, baada ya miaka 40 ya kazi. Tangu hapo mikono ya mashine imekuwa ikiingia ndani yake kuvitoa baadhi ya vigae vya ukutani na vya divata, ili vikatwe na kuchunguzwa: vimelika kiasi gani, vimemeza tritiamu kiasi gani, na wapi vimeyeyuka. Mimi naingoja taarifa ya vigae hivyo kwa hamu kuliko nilivyoingoja ile ya megajuli 69.